Kati ya Mapazia Mawili

Barua ya mama yake ilifika Jumatatu asubuhi, na Verdell Hargrove aliisoma akiwa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Mama alikuwa ameshatangaza kanisani. Filamu ikifika kwao Pellam, kule Mississippi, kwaya nzima ya akina mama itakwenda pamoja, wameshakubaliana hata kofia watakazovaa, na Mama Caldonia mwenyewe atakaa kiti cha mbele kabisa kule juu, kwenye roshani ya weusi, asizibwe na kichwa cha mtu. Kalamu haikuwahi kumkubali mama, kwa hiyo aliandikiwa na Ozella, binti wa jirani, lakini maneno yalikuwa yake mwenyewe. "Nimewaambia wewe hushiki taulo la mtu. Nimewaambia unacheza."

Hapo ndipo kiatu kilipomtoka Verdell mkononi. Katika filamu hiyo alikuwa anacheza, ni kweli. Lakini alikuwa pia ameshika taulo.

Ilikuwa mwaka 1941, na studio ya Crestmont kule Hollywood ilikuwa inapiga moja ya zile filamu za nyuma ya jukwaa. Hadithi ni ileile kila mara: kundi la waigizaji limekwama, staa mkuu anateguka mguu, msichana wa safu ya nyuma anachukua nafasi yake, na ukumbi mzima unasimama kumpigia makofi. Zilikuwa zinatoka kila mwaka kama mikate. Na katika kila moja, watu weusi walikuwa na mahali pawili tu pa kuonekana. Pa kwanza ni chumba cha kuvalia, ambako mwanamke mweusi anamshikia staa taulo na kusema neno la kuchekesha. Pa pili ni dansi moja ya dakika nne. Weusi wanatokea, hakuna anayeeleza wametoka wapi, wanawasha moto, wanatoweka, na hadithi inaendelea kana kwamba hapakutokea kitu. Verdell alipewa mahali pote pawili, na wenzake walimwonea wivu.

Dansi hiyo ilikuwa na desturi yake. Ilianza kwa pazia kufunguka na kumalizika kwa pazia kufungwa, na katikati hapakuonekana mzungu hata mmoja, hata mpiga tarumbeta. Msidhani ni urembo. Filamu ziliposhuka Kusini mwa Marekani, walikuwako wenye majumba ya sinema ambao hawakutaka kumwona mtu mweusi amevaa vizuri na kufurahi bila kumtumikia yeyote. Basi mkataji wa filamu alishika mkasi, akakata kwenye pazia la kwanza, akakata kwenye pazia la pili, akaunganisha ncha mbili, na watazamaji wakaenda nyumbani bila kujua kwamba wameibiwa. Taulo halikukatwa kamwe. Taulo lilipendwa sana Kusini.

Kwa hiyo Verdell alijua hasa mama yake atakachokiona kutoka kwenye kile kiti cha mbele.

Mama Caldonia alikuwa amefua nguo za wazungu wa Pellam kwa miaka arobaini. Verdell alipokuwa na umri wa miaka minane, mama aliteleza kwenye ngazi za baraza akiwa na kapu la mashuka mabichi, akavunjika nyonga, na nyonga ikajiunga ilivyotaka yenyewe. Tangu siku hiyo akawa na mwendo wake: hatua mbili za haraka, mguu wa kushoto unaburuzwa kwenye mbao, halafu kimya kidogo anapokusanya nguvu. Mbili, buruta, kimya. Verdell akiwa kitandani aliweza kujua mama yuko wapi, amebeba nini, na kama ana hasira. Alipoondoka na kundi la wachezaji akiwa na miaka kumi na tisa, mama hakulia. Alisema tu, "Nenda, lakini nisije nikasikia umekwenda kumshikia mtu taulo huko. Mataulo nimeyashika mimi, yako na yangu." Verdell akaapa.

Sasa ana miaka thelathini na mmoja, na dansi yake ya viatu vyenye vibati vya kugonga sakafu ilikuwa inajulikana Barabara yote ya Central, mtaa wa weusi pale mjini, kwa hatua moja ambayo hakuna aliyeweza kuiiga sawasawa. Mbili, buruta, kimya. Watu waliipenda bila kujua ni nini. Mama mwenyewe hakuwahi kuambiwa. Verdell aliogopa ataona amedhihakiwa kilema chake mbele ya watu.

"Mbona unalia?" aliuliza Cleophus Tibbs siku hiyo mchana. Cleophus ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi lao la wachezaji sita, mtu wa miaka hamsini mwenye magoti mabovu na mdomo usio na breki. Walikuwa wamekaa nyuma ya jengo la mazoezi wanakula kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi, maana mkahawa wa studio haukuwa na meza kwa ajili yao.

"Silii."

"Basi macho yanakutoka jasho. Hebu nisomee hiyo barua."

Akamsomea. Cleophus alisikiliza hadi mwisho, akapangusa vidole. "Kiti cha mbele. Mungu wangu. Na kofia?"

"Na kofia."

"Dada yangu, mimi nimekatwa Kusini mara kumi na moja. Ndugu yangu kule Georgia mpaka leo anadhani nauza bima."

Verdell akacheka bila kutaka. "Cleo. Kama staa angekuwamo ndani ya dansi yetu, hata kidogo tu, wangekataje?"

Cleophus aliacha kutafuna. "Wasingeweza. Wangemkata na yeye." Akamtazama vizuri. "Verdell, usianze. Nakuomba, usianze."

Lakini alikuwa ameshaanza.

Staa wa filamu hiyo alikuwa Gwendolyn Ashby, msichana wa miaka ishirini na miwili kutoka Ohio. Alikuwa na sauti tamu, uso ambao kamera iliupenda, na miguu ya mtu anayeua mende. Kwa wiki tatu, kila siku saa moja asubuhi, Verdell alikuwa akimfundisha kucheza, ingawa jina lake halingeandikwa popote. Alimfundisha hata ile hatua ya mama, na msichana aliipenda. Bwana Strand, mwelekezi wa dansi, alipoiona alipiga kofi moja hewani. "Toa hiyo. Staa hachechemei." Ikatolewa.

Kesho yake asubuhi, baada ya mazoezi, Verdell alifunga mlango.

"Bibi Ashby, nina ombi."

"Si nimekwambia uniite Gwen?"

"Bwana Strand akinisikia nakuita hivyo, kesho sipo hapa. Sikiliza. Alhamisi, mwisho wa dansi yetu, wewe utakuwa umesimama pembeni unangoja zamu yako, si ndiyo? Kabla pazia halijafungwa, ingia. Chukua fimbo ninayochezea mkononi mwangu. Tupige hatua nane pamoja, ndipo pazia lifungwe. Ni hilo tu."

"Kwa nini?"

Verdell alimweleza, habari ya mkasi, ya taulo na ya kiti cha mbele. Alieleza harakaharaka huku akiangalia mlango, na kadiri alivyoeleza ndivyo msichana alivyozidi kuvuta kamba ya kiatu chake, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena.

"Mkataba wangu unaisha Desemba," Gwen alisema mwishowe.

"Najua."

"Wakiniona mkaidi—"

"Najua, bibi."

"Mbona huniambii kwamba haitakuwa kitu?"

"Kwa sababu itakuwa kitu."

Gwen alisimama, akachukua taulo lake mwenyewe kutoka kwenye kiti, akajipangusa shingo. "Nitaona," alisema.

Verdell alikuwa ameambiwa "nitaona" na wazungu wengi maishani mwake, na alijua inamaanisha nini. Hata hivyo hakula siku mbili zile. Kila alipopika alisahau sufuria jikoni.

Alhamisi walianza na chumba cha kuvalia. Walimfunga Verdell kitambaa kichwani, wakampa taulo jeupe, na maneno yake yalikuwa matatu: "Dakika tano, bibie." Mwongozaji alimrudisha mara tisa. "Polepole. Polepole zaidi, msichana. Kama ndiyo kwanza umeamka." Verdell, ambaye hajawahi kuongea hivyo hata akiwa na homa, alivuta maneno mpaka mafundi wa taa wakacheka, na mwongozaji akasema hiyo ndiyo yenyewe. Alijisikia vibaya hadi kwenye mifupa.

Saa nane mchana likafunguliwa pazia la kwanza.

Wote sita walikuwa wamevaa suti nyeupe na kofia nyeupe, na walicheza kama watu wanaodaiwa maisha yao. Cleophus aliyasahau magoti yake. Verdell alikuwa katikati na fimbo mkononi, tabasamu usoni, na moyoni anahesabu hatua. Zimebaki thelathini na mbili. Kwa pembe ya jicho aliona gauni la fedha limesimama pembeni, halitikisiki. Zimebaki kumi na sita. Akapiga hatua ya mama, mbili, buruta, kimya, na ndani ya kile kimya akatazama. Gauni halikutikisika. Akasikia juu kamba ya pazia inaanza kulegezwa. Basi, akajiambia. Basi, mama.

Ndipo fimbo ikamtoka mkononi.

Gwen alikuwa kando yake, mwekundu usoni, anacheka, na miguu yake kwa mara ya kwanza ilikuwa haiui mende. Hatua nane bega kwa bega, fimbo moja ikienda na kurudi kati yao. Kisha pazia likafungwa. Kule juu mafundi wa taa wakaanza kupiga makofi.

"Nimefanya!" Gwen alinong'ona. "Verdell, nimefanya!"

Verdell alikuwa akimtazama Bwana Strand. Strand aliweka kikombe chake cha kahawa chini taratibu, akatoka nje.

Jumamosi waliitwa wote warudi. Verdell alikutana na Gwen kwenye ushoroba wa vyumba vya kuvalia, macho yamemvimba.

"Walinipa karatasi nisaini kwamba sitaingia tena kwenye dansi yenu," Gwen alisema. "Walisema yuko msichana mwingine, ana mwili kama wangu, gauni litamkaa."

"Ulisaini?"

Msichana alitazama sakafu.

"Basi nenda ukapakwe poda, bibi," Verdell alisema. "Pua inang'aa."

Wakacheza upya. Pazia lilifunguka, pazia likafungwa, na katikati hapakuwa na mzungu hata mmoja. Gwen alisimama mbali kabisa, na mtu wa studio alikuwa amesimama mbele yake. Verdell alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakuweza kumchukia yule msichana vilivyo.

"Ulitegemea nini?" Cleophus alimuuliza kwa upole walipokuwa wakingoja basi.

"Nilitegemea, Cleo. Hilo tu. Nilitegemea."

Wiki iliyofuata aliitwa chumba cha sauti. Filamu hizi zina siri nyingine: zinapopigwa, sauti ya viatu hairekodiwi. Baadaye mtu anasimama mbele ya skrini, kwenye ubao, anamtazama staa akicheza bila sauti, na kumpigia miguu. Gwen alikuwa amejaribu kujipigia mwenyewe na ikasikika kama mvua juu ya bati bovu. Kwa hiyo wakamkumbuka Verdell.

"Usiende," Cleophus alisema. "Wamekufuta, sasa wanataka na vumbi lako?"

"Nisipokwenda sitaitwa tena mahali popote, na wewe unajua."

Alikwenda. Chumba kilikuwa na watu wawili. Fundi wa sauti, Bwana Kessler, mzee mfupi asiyesema sana, alikuwa amevaa visikizi vyake mezani. Nyuma yake amekaa Bwana Strand na kahawa yake. Taa zikazimwa. Gwen akatokea ukutani, mkubwa, wa fedha, bubu, na Verdell akampigia miguu. Haikuwa kazi ngumu, kila hatua ile alikuwa amemfundisha mwenyewe.

Kisha katikati ya dansi kamera ikapanda. Ikaiacha miguu, ikapanda gauni, ikafika usoni, na ikakaa hapo kwa mapigo kumi na sita, Gwen anacheka, meno yote nje. Baadaye ikashuka tena.

Verdell alipiga kama alivyoagizwa. Wakarudia, akapiga vilevile. "Moja ya mwisho," alisema Bwana Strand.

Wakati filamu ikirudishwa mwanzo, wazo lilimjia. Katika yale mapigo kumi na sita, miguu haionekani. Hakuna mtu duniani anayeweza kuona yule msichana anakanyaga nini.

Akiipiga hapo hatua ya mama na Strand akaikumbuka, atafukuzwa papo hapo, na Cleophus na wengine wanne watafukuzwa pamoja naye. Asipofanya, mama atabaki na taulo. Picha ikaanza. Akapiga kwa usahihi kuliko mara zote mbili. Kamera ikapanda, gauni, shingo, uso. Verdell akafumba macho.

Mbili, buruta, kimya. Mbili, buruta, kimya. Aliiburuza kwenye ubao kama ilivyokuwa inaburuzwa barazani, na kapu zito, na hasira kidogo. Mbili, buruta, kimya. Akafumbua macho kamera inashuka, akadaka miguu ya Gwen palepale ilipokuwa, na akamaliza.

Taa zikawaka. Bwana Kessler alikuwa amegeuka anamtazama.

"Hiyo nini?" aliuliza.

"Ndiyo miguu yake," Verdell alisema.

"Si miguu yake."

"Kuna nini?" Bwana Strand akauliza kutoka nyuma.

Kessler alimtazama Verdell, akatazama mashine zake. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe. Verdell alimwona akivuta pumzi na hakuweza kumwelewa usoni.

"Hakuna kitu," mzee alisema. "Imekaa vizuri. Nabaki na hii."

"Haya, twende tukale," alisema Bwana Strand.

Filamu ilitoka majira ya kuchipua. Verdell hakwenda kuitazama. Usiku na mchana alikuwa akimwandikia mama barua kichwani, na mara nne aliiandika kwenye karatasi kabisa: *Mama, utaniona nimeshika kitu, usiwaambie watu waje.* Mara zote nne aliichana. Kumwambia ni kukiri kwamba alivunja kiapo, na kutomwambia ni kumwacha akaumbuke mbele ya kofia kumi na nne. Alichagua ubaya wa pili kwa woga tu, na alijua ni woga. Aprili akasikia filamu imefika Mississippi. Wiki tatu zikapita bila barua. Mama hajawahi kukaa wiki tatu bila kuandika.

Barua ilipofika aliikalia kwanza, kweli kabisa, kama dakika kumi. Kisha akaifungua.

"Mwanangu Verdell. Anayeandika ni Ozella, ukiona kosa ni lake. Tulikwenda. Ulitokea umeshika taulo. Kule chini wazungu walicheka. Juu kwetu hakuna aliyecheka wala aliyenitazama, na hilo la kutonitazama ndilo lililoniuma. Nikangoja ucheze. Sikukuona tena. Dada Hattie akaninong'oneza labda ni filamu nyingine. Nikachukua mkoba wangu niondoke.

"Ndipo yule msichana wa kizungu akaja karibu, uso tu, anacheka. Na mimi nikajisikia nakuja. Verdell, nilijisikia mwenyewe nakuja kutoka uani na mashuka ya akina Whitcomb. Huo mguu nimeubeba miaka ishirini na tatu, hakuna wa kunidanganya. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema, huyo siye anayecheza, anayecheza ni mwanangu, na mguu ni wangu. Hattie akanivuta nguo nikae. Nikakataa kukaa.

"Jumamosi tulirudi, wote kumi na wanne. Alipokuja yule msichana, niliwaambia wafumbe macho.

"La taulo tutalizungumza ukija, usidhani nimesahau. Ila mguu wangu umeukimbiza mno. Mimi sikuwahi kwenda mbio hivyo."